Mrejesho: foklifti iliyokuwa ikishusha mzigo yenyewe

Wakubwa, habari za kazi. Niliuliza kuhusu foklifti (mashine ya kunyanyulia mizigo) ya depo yetu hapa Kampemba, Lubumbashi: ukiinua paleti ya saruji na kuachia mkono wa kuendeshea, uma zinazobeba mzigo zinateremka polepole zenyewe. Tatizo limekwisha, asanteni sana.

Wengi mlisema tatizo ni pampu ya mafuta. Pampu ni nzima, maana mlingoti (nguzo za mbele zinazobeba uma) ulikuwa unainama mbele na nyuma kwa nguvu zote, na pampu ni hiyo hiyo moja. Aliyenifungulia njia ni yule fundi aliyesema nichunguze mpira mwembamba wa juu ya silinda ya kuinulia, ule unaorudisha mafuta kwenye tanki. Tuliufungua mpira huo, mzigo ukiwa umeinuliwa kidogo tu kutoka sakafuni: mafuta yakachuruzika bila kukoma. Hapo hakuna ubishi, sili ya pistoni (kizibo kinachozuia mafuta yasipite pembeni ya pistoni) inapitisha. Yasingetoka, ningehamia kwenye valvu inayoongoza mafuta.

Tuliteremsha uma hadi chini ndipo tukafungua silinda. Sili ilikuwa ngumu kama plastiki, ukingo umemeguka upande mmoja. Ukuta wa silinda hauna mikwaruzo, namshukuru Mungu, maana hapo gharama ingekuwa nyingine kabisa. Tukabadilisha sili za silinda zote mbili, chujio na mafuta. Mafuta ya zamani yalikuwa na chembe nyeusi.

Sasa paleti inabaki juu. Cheni nazo tumezisawazisha, moja ilikuwa imelegea. Na tafadhali, asiingie mtu chini ya uma kupima, hata kwa sekunde. Naona vijana wanafanya hivyo, inaniuma roho.