Tupeane uzoefu: somo la ubongo na tabia mwaka wa kwanza, ulikwama wapi na nini kilikufungulia?

Mvuka Maji:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kaanza chuo hapa Mwanza, juzi kanipigia analalamika kwamba sinapsi, pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine, haimwingii. Nikacheka, maana mimi nilikula sapu, mtihani wa marudio, hapo hapo. Aliyelisoma aseme alipokwama, dogo nitamtumia uzi wote. Naanza.

Umeme wa ndani ya nyuroni, yaani seli ya neva, nilikuwa naukariri kama sala: ikiwa imetulia ni hasi milivolti 70 hivi, sodiamu ikiingia inapanda, potasiamu ikitoka inashuka. Mtihani ukauliza ishara ikifika mwisho wa nyuroni inavukaje kwenda ya pili. Nikajibu umeme unaruka. Sifuri!

Nilikuja kuelewa nikielekea Sengerema, enzi za kivuko. Basi linafika Kigongo, kondakta anapiga kelele shukeni. Mbele maji. Unavuka kwa kivuko, ukifika Busisi unapanda basi, safari inaanza upya. Nimeegemea chuma za kivuko ndipo ikanijia: umeme unaishia Kigongo. Kinachovuka ni kemikali inayomwagwa kwenye mwanya, na ng'ambo kuna vipokezi vinaisubiri.

Mtafiti Otto Loewi alilionyesha hilo 1921 kwa mioyo miwili ya vyura. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Akachota maji yaliyouzunguka akaupa wa pili, nao ukapunguza mapigo. Hakuna waya wowote kati yao. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini, akaamka akaliandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Ikabidi aliote tena usiku uliofuata.

Kinda la Furu:
Mkuu, basi nalo lilikuwa linapanda kivuko, usimdanganye mtoto. Na tangu Juni 2025 watu wanapita darajani.

Mvuka Maji:
Kwa basi umenikamata. Ila daraja nalo limo kwenye somo: zipo sinapsi za umeme, seli mbili zimeunganishwa kwa vijia vya protini, ishara inapita moja kwa moja bila mtu kushuka. Ni chache tu kuliko zile za kivuko. Haya, wewe ulikwama wapi?

Kinda la Furu:
Kwenye picha. Notsi tulizouziwa stesheni zilikuwa kopi ya kopi ya kopi, ubongo umebaki doa jeusi lenye mishale. Mshale huu thalamasi, ule hipothalamasi, vyote doa.

Semista hiyo bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilichelewa, tukawa watu wa mapanki, mabaki ya sangara. Siku moja pale Kirumba Mwaloni nikaona kichwa cha sangara wa haja, nikamsihi mama muuzaji asikipasue. Geto nikalichokonoa fuvu taratibu kwa kisu. Nilitegemea kukuta ubongo wa maana, kumbe kitu kidogo kuliko kidole gumba, kimezungukwa na mafuta. Lakini kila kitu kilikuwepo! Katikati mabonge mawili ya mviringo, makubwa kupita ya mbele: hayo ni ya kuona. Nyuma yake serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma. Nikakigeuza, chini nikakuta neva mbili nyeupe za macho zinapishana, ya kushoto inakwenda kulia. Kwa samaki zinavuka zote. Kwetu sisi karibu nusu tu ya nyuzi ndiyo inavuka. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani.

Muda wote huo mwenzangu amesimama na sufuria anauliza nitamaliza lini.

Ng'wana Pamba:
Mimi sikukwama, nilishtuka.

Kwetu ni Kwimba. Nikiwa shule, bamdogo alishinda shambani anapulizia pamba, bomba linamvujia mgongoni, shati chapa. Jioni akaanza kutokwa mate, machozi, jasho. Misuli ya mapaja inachezacheza chini ya ngozi kama kuna panya, mboni za macho zimebana mpaka ncha ya sindano. Nyumbani wakasema karogwa, na mrogaji alishajulikana: jirani waliyegombea mpaka wa shamba. Mama ndiye aliyeng'ang'ania hospitali. Nesi alinusa shati tu, akaamuru livuliwe aogeshwe, akachomwa sindano ya dawa iitwayo atropini, akaongezwa, akaongezwa tena. Mate yakakauka, ila mapaja yaliendelea kucheza.

Miaka sita baadaye nimekaa nyuma kwenye mhadhara, nasinzia, mwalimu anasoma slaidi kama kawaida yake. Akafika kwenye kolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, mojawapo ya zile kemikali zinazovuka, ikishamaliza kazi kwenye mwanya. Dawa za wadudu za oganofosfati zinakizima. Asetilikolini inajazana, vipokezi vinagongewa hodi bila kukoma: tezi zinamwaga, mboni zinabana, misuli inacheza. Atropini inaziba vipokezi vya tezi na moyo, vya misuli ya miguu haivigusi.

Nilitoka nje nikampigia bamdogo, nikamweleza yote. Akasikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo jirani hakuhusika?" Nikamwambia hakuhusika, ni bomba. Akanyamaza kidogo. "Na yule mbuzi wazee waliyemtoza faini?"

Mvuka Maji:
Alirudishiwa?

Ng'wana Pamba:
Alishaliwa siku ile ile, mkuu. Na mimi nilikula.