Katiba ya 1977 hatukuipigia kura. Je, komon loo tuliipigia?

Mwenzetu aliyeanzisha mjadala huu ameweka hoja nzito: kwamba Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ilipitishwa tarehe 25 Aprili na Bunge la Katiba ambalo wajumbe wake walikuwa wabunge walewale waliobadilishiwa kofia, mwananchi hakuulizwa, na kwa hiyo anayedai haki zake asiitegemee, bali asimame juu ya komon loo, ile sheria ya Kiingereza iliyojengwa na majaji kwa karne nyingi.

Sehemu ya kwanza naikubali bila kusita. Hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 haikufikishwa kwenye kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015.

Sehemu ya pili ndiyo inayonishinda. Komon loo iliingia Tanganyika kwa amri ya Mfalme wa Uingereza, na hadi leo sheria zetu huitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo siku ya kupimia ni sheria ipi ya Kiingereza inayotumika huku, tena kwa sharti kwamba Bunge likitunga sheria juu ya jambo lilelile, komon loo hukaa kando. Ikiwa dosari ya Katiba ni kutoulizwa kwa wananchi, babu zetu waliulizwa lini?

Tena tumekwisha kuishi bila Hati ya Haki, yaani sehemu ya Katiba inayotaja haki za msingi za mtu, tangu uhuru hadi marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984. Katika miaka hiyo komon loo ilikuwepo, na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilikuwepo pia, ikitamka kwamba amri ya Rais ya kumzuia mtu haitahojiwa mahakamani. Sikatai kwamba ndugu wa aliyezuiliwa waliweza kuomba aletwe mbele ya jaji, na kwamba majaji wengine walithubutu kukagua kama amri yenyewe ilitolewa kwa utaratibu. Lakini walikagua amri tu. Sheria iliyoizaa amri hiyo hawakuwa na uwezo wa kuigusa.

Linganisheni na shauri la Daudi Pete. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichomnyima dhamana mtuhumiwa wa unyang'anyi, kwa sababu kilikinzana na Katiba hii hii tunayoiita ya wakubwa. Kwa komon loo peke yake, kifungu kile kingebaki mahali pake.

Ninalomwomba mwenzetu alijibu ni hili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na wengi wetu tuliona kwamba mlango umebanwa mno. Ni kanuni ipi ya komon loo ambayo jaji wa Tanzania angeweza kuitumia kuliondoa sharti hilo lililotungwa na Bunge?