Miaka mitatu wananipiga danadana, halafu mahakamani wanasema nimechelewa siku 19!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi shauri langu limetupwa. Sikuonekana mwongo, wala sikukosa ushahidi. Ripoti ya daktari haikufunguliwa hata ukurasa mmoja. Wakili wa upande wa pili alisimama, akaweka pingamizi la awali kwamba shauri limefunguliwa nje ya muda, akataja tarehe mbili, akakaa. Miaka mitatu na siku 19 tangu gari la kampuni linigonge na kunivunja mguu sehemu mbili. Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu kuliko nilivyokaa mle ndani.

Nianze mwanzo, ili msije mkadhani nililala.

Wiki ya pili baada ya ajali, nikiwa bado wodini, alikuja ofisa wa bima na fomu zake. Mpole sana, ananiita ndugu yangu. Akasema dereva amekiri kosa, kwa hiyo hakuna sababu ya kupelekana mahakamani, tutamalizana vizuri. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kosa limekiriwa, polisi wamepima, jina la kampuni liko ubavuni mwa gari.

Basi zikaanza barua. Leteni ripoti ya daktari. Nikapeleka. Ripoti haina muhuri, rudisha. Nikarudisha na muhuri. Ripoti imepitisha miezi sita, tunaomba mpya. Nikaenda tena hospitali kwa magongo, nikapanga foleni, nikapata mpya. Ofisa aliyekuwa na faili lako amehamishwa, tafadhali tuvumilie mwenzake alisome. Kila barua inaanza kwa pole na kuishia kwa shukrani. Ninazo zote, 14. Mwaka wa tatu wakaja na kiasi, nikakubali kwa maandishi, wakasema bado idhini ya menejimenti tu. Nilipopiga simu kuuliza idhini imefikia wapi, yule ofisa mpya aliniambia subira yavuta heri. Alitamka hivyo hivyo. Wiki mbili zilikuwa zimebaki kabla ya miaka mitatu kutimia, na mimi sikujua kama kuna kitu kinatimia.

Siku ya nane baada ya miaka mitatu, ikaja barua ya mistari miwili: dai limepitwa na muda, faili limefungwa.

Siku ya nane! Someni hapo mara mbili. Watu walioshindwa kusoma ripoti ya kurasa nne kwa miaka mitatu walihesabu siku zao sawasawa. Tarehe walikuwa wanaijua tangu siku ile walipokuja wodini. Nikatafuta wakili mbio, na swali lake la kwanza lilikuwa: ajali ilitokea tarehe ngapi? Nikamtajia. Akaweka kalamu chini. Tukafungua shauri siku ya 19, tukijua tunakwenda kupigana na kalenda.

Najua wapo watakaoniandikia hapa chini kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi sikuchelewa. Nilicheleweshwa, na aliyenichelewesha ndiye aliyesimama mahakamani kufaidi ucheleweshaji wake.

Sheria nimeisoma sasa, baada ya kuumia, na naomba niwaeleze maana wengi wenu mko pale nilipokuwa. Kila dai lina ukomo wake wa muda. Mfumo tulionao Afrika Mashariki asili yake ni Uingereza, ambako sheria ya ukomo ya mwaka 1623 iliweka miaka 6 kwa madai mengi, na hiyo miaka 6 ya mikataba bado ipo Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania hadi leo. Kurudisha ardhi ni miaka 12. Kuumizwa mwili kwa uzembe wa mtu, kama mimi, ni miaka 3. Ukifukuzwa kazi Tanzania na unadai hukutendewa haki, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakati Kenya dai la mkataba wa ajira lina miaka 3. Siku 30! Mtu bado anafikiria atamwambiaje mke wake, na mlango unafungwa.

Siko hapa kusema ukomo ufutwe. Mashahidi hufa, risiti hufifia, na si haki mtu amfufulie mwenzake kesi ya miaka 40 iliyopita ambayo hawezi tena kujitetea. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Ila niambieni, katika kesi yangu nani alisahau? Shahidi gani alikufa? Bima wana faili zima. Wanayo fomu niliyojaza nikiwa na plasta. Sababu zote zinazotolewa kutetea ukomo, hakuna hata moja iliyonigusa.

Kinachonichoma ni hiki: kwenye mfumo huu, mazungumzo hayasimamishi muda. Mnaweza kuandikiana barua 14, mkanywa chai pamoja, mkakubaliana kiasi, na siku zinaendelea kuhesabiwa kana kwamba hamjawahi kuonana. Wala hakuna anayelazimika kukwambia. Anayedaiwa hana wajibu wa kukukumbusha tarehe, kwa hiyo kadiri anavyokuwa mpole ndivyo anavyopata faida. Upole ule niliutumia kama dawa wodini, kumbe ulikuwa unahesabiwa.

Na msiniambie haiwezekani vinginevyo. Ujerumani muda wa kawaida wa madai ni miaka 3 vilevile, lakini kifungu cha 203 cha sheria yao ya kiraia kinasema pande mbili zikiwa kwenye mazungumzo kuhusu dai, muda unasimama mpaka upande mmoja ukatae kuendelea, na baada ya hapo dai haliwezi kupitwa na muda kabla ya miezi mitatu. Kifungu kimoja tu! Kingekuwepo kwangu, ile barua ya mistari miwili ndiyo ingeanzisha miezi yangu mitatu. Ningefungua shauri siku ya 19 nikiwa na nafasi ya kupumua.

Halafu kuna wale ambao muda uliwaishia kabla hata hawajajua kama wameumia. Uingereza mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa iliwaambia wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, waliojaa vumbi kwenye mapafu, kwamba muda wao ulianza mapafu yalipoharibika, hata kama hakuna daktari ambaye angeweza kuligundua hilo wakati ule. Majaji wenyewe walikiri kwamba sheria hiyo si ya haki, na wakaitekeleza. Bunge likabadilisha sheria mwaka huohuo. Miaka mingi baadaye Uswisi bado ilikuwa inafanya mambo yaleyale: fundi aliyevuta vumbi la asbesto miaka ya 1960 na 1970 akagundulika na saratani mwaka 2004, akaambiwa miaka yake 10 ilikwisha zamani. Yaani alitakiwa ashtaki akiwa mzima. Alikufa, familia ikapeleka suala hilo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na ikashinda mwaka 2014. Kuanzia 2020 Uswisi imeweka miaka 20 kwa madai ya mwili na uhai, na kwa ugonjwa unaochukua miaka 30 au 40 kujitokeza hiyo 20 nayo bado haitoshi.

Marekani kuna Lilly Ledbetter, mama aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matairi karibu miaka 20 akilipwa chini ya wanaume wa cheo chake. Aliambiwa kwa kikaratasi kisicho na jina, karibu na kustaafu. Mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, majaji 5 kwa 4, ikasema alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa. Mshahara wa wenzake ulikuwa siri! Angelalamikia nini? Mwaka 2009 sheria ikabadilishwa kwa jina lake, kila mshahara wa kupunjwa ukawa unaanzisha siku upya, ila yeye mwenyewe hakupata kitu kutokana na kesi ile.

Na tusiende mbali. Wazee wa Mau Mau walipowashtaki Waingereza kwa mateso ya miaka ya 1950, mwaka 2012 jaji wa London aliruhusu kesi ya wachache iendelee ingawa nusu karne ilikuwa imepita, kwa sababu makaratasi ya serikali yenyewe bado yalikuwepo. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Kundi lingine la watu zaidi ya 40,000 likaja na kesi yake, na mwaka 2018 jaji mwingine akakataa, muda umepita. Nchi moja, vita vilevile. Nimelifikiria hili usiku kucha: kama jaji anaweza kuangalia miaka 50 na kusema haki bado inawezekana, siku 19 zangu ni nini?

Uingereza jaji ana mamlaka hayo kwenye madai ya kuumia mwili, anaweza kupima nani ataumia zaidi shauri likisikilizwa au lisiposikilizwa. Kwingine unaambiwa ulete sababu za kutosha na ueleze kila siku ya ucheleweshaji, moja baada ya nyingine. Sawa, nieleze siku zangu. Ninazo barua 14 zinazoeleza siku zangu zote, na zimeandikwa na wao.

Kwa hiyo kama una dai mahali na unaandikiwa barua za pole, leo hii tafuta tarehe tukio lilipotokea, hesabu, na usimwamini mtu wa upande wa pili hata akulilie. Mwambie asaini makubaliano ya maandishi kwamba muda umesimama wakati mnazungumza. Akikataa umeshajua anasubiri nini, fungua shauri kwanza, mazungumzo yataendelea mahakamani. Kwa deni la fedha ni tofauti kidogo, akikiri deni kwa maandishi na sahihi, au akilipa sehemu, mara nyingi muda huanza upya, basi zitunze karatasi hizo. Kwa mguu wangu haikunisaidia.

Nauliza wanasheria mliomo humu, na naomba majibu ya kweli: kuna aliyewahi kuishawishi mahakama kwamba mdaiwa aliyemshika mtu kwa ahadi mpaka muda ukapita asiruhusiwe kuutumia ukomo huohuo kama ngao? Alitumia hoja gani, na ilifika ngazi gani? Muda wa kukata rufaa nao umeshaanza kuhesabiwa tangu juzi, na safari hii nimeandika tarehe ukutani.