Naombeni ushauri: tunachaguaje picha za jarida la chuo bila kugombana?

Dawati_la_Picha:
Wakuu, habari za jioni. Sisi ni wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Dar. Kazi yetu ya kumaliza muhula ni jarida la kurasa 24, saizi A4, na habari kubwa ni soko la samaki la Feri: mnada wa alfajiri, akina mama wanaokaanga, vijana wanaoparua magamba. Mimi nimepewa uhariri wa picha. Mwalimu anataka kila picha itakayoingia iwe na tathmini ya maandishi, na kasema neno "nzuri" hataki kuliona.

Tulipiga kura kwenye grupu, kila mtu akampigia rafiki yake. Tukahamia kwenye alama za moja hadi kumi, ugomvi ukazidi. Zinazogombaniwa ni hizi:

A – ngalawa imekuwa kivuli kitupu, jua jekundu nyuma yake. Mpigaji kaandika "Machweo Feri, wavuvi wakirejea". Wengi wanaitaka jaladani.
B – dalali kainua mkono, mdomo wazi, wanunuzi wamemzunguka. Uso umetulia ila mkono umefifia kwa mwendo.
C – mama anakaanga samaki, bahari nyuma inang'aa, uso wake giza.
D – mikono tu, inaparua samaki aina ya changu, magamba yanaruka.
E – mtoto kabeba ndoo ya dagaa, anaitazama kamera.

Mnaangalia nini mnapochagua? Na jaladani iende ipi?

Chuma_Mboga:
A jaladani, mjadala ufungwe. Watu wananunua kwa macho.

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari:
Chuma, hilo ni jarida la wanafunzi, halinunuliwi na mtu 😀

Mwanangu, alama za moja hadi kumi zinawagombanisha kwa sababu mnashindanisha picha zisizofanya kazi moja. D haiwezi kushindana na B. Moja inaonyesha kazi kwa karibu, nyingine inaonyesha watu na purukushani yao. Andika kwanza kwa sentensi moja habari yenu inasema nini. Kwa mfano: bei ya samaki wa Feri inaamuliwa kwa sauti ya dalali kabla mji haujaamka. Sasa kila picha iulizwe inaongeza nini kwenye sentensi hiyo. Habari ya kurasa kadhaa inahitaji picha pana ya kumweka msomaji mahali, inahitaji uso, inahitaji tendo, inahitaji kitu cha karibu kama hiyo mikono. Mkiwa na picha nne za tendo na hakuna hata moja pana, kurasa zitachosha hata kama kila picha ni kali.

Halafu ficheni majina ya wapiga picha. Zichapeni ndogo ndogo kwa karatasi ya kawaida, mzitandaze mezani, mzipange na kuzipangua. Kwenye simu mnaiona moja moja, hamwoni kwamba mbili zinasema kitu kilekile.

Sasa hiyo A. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari na kuzama nyuma ya mji. Ikiwa nyuma ya ngalawa ni bahari na jua liko chini namna hiyo, hayo ni macheo. Fungueni taarifa za faili mwone saa iliyopigwa. Na kama ni alfajiri, "wakirejea" ithibitishwe pia, huenda ngalawa ilikuwa inatoka. Maelezo ya picha ni sehemu ya picha. Yakikosea, tathmini yote imeanguka.

Mimi jaladani ningeweka B.

Nuru_Kali:
Namheshimu Mzee lakini B mkono umefifia. Mwalimu si atasema shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) ilikuwa ya taratibu?

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari:
Atasema, na jibu liwepo kwenye tathmini. Kufifia kuna aina mbili. Kamera ikitikisika, kila kitu kinafifia pamoja, hata nguzo. Hapo mmesema uso wa dalali umetulia, mkono peke yake ndio umekwenda. Huo ni mwendo wa mnada wenyewe. Kuza faili hadi asilimia 100, angalia jicho. Jicho likiwa kali, picha imepona.

Nuru_Kali:
Hapo sawa. Basi niseme kuhusu C, maana kosa hilo naliona sana pwani. Kamera imepima mwanga wa bahari ikadhani mahali pote panang'aa, ikapunguza mwanga, na uso wa mama mweusi ukazama. Mkiunyanyua kwenye kompyuta, kama ni JPEG ya simu (faili la picha lililobanwa) utajaa chengachenga na rangi ya ngozi itageuka majivu. Msimng'arishe mama wa watu akawa mtu mwingine. Feri iko hapo hapo, rudini asubuhi, gusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au simama upande ambao bahari haiko nyuma yake. Mnapozunguka, kumbukeni Ikulu ni jirani, lenzi isielekee huko.

Shangazi_Mtetezi:
Hakuna aliyeuliza kuhusu E? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Mzazi au mlezi wake aliulizwa? Na mkimweka kwenye habari ya kazi za sokoni, msomaji ataona ajira ya watoto, kumbe pengine kamfuata mama yake siku ya likizo. Kama hamjui anaitwa nani, yuko na nani na kwa nini kabeba ndoo, iacheni nje.

Dawati_la_Picha:
Asanteni sana. Mzee, faili la A linasema saa 12:41 asubuhi 🙈 Mpigaji amekubali kubadilisha maelezo. E tumeitoa, hakuna aliyeongea na mtoto. C tunarudia Jumamosi. B wote wamekubali, kasoro mwenye A amenuna kidogo. Tatizo jipya: B nilitumiwa WhatsApp.

Fundi_Mashine:
Hilo ndilo tatizo lenu kubwa kuliko yote hapo juu. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza. Angalia pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Ikiwa 1600 kwa 1200, kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi unapata kama sentimita 13.5 kwa 10, yaani robo ya ukurasa hivi. Jalada la A4 linataka 2480 kwa 3508, na uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa na mashine. Mwambie aliyepiga akutumie faili la asili kama dokumenti, au akuletee kwenye flashi.

Jingine: B ni ya kulala au ya kusimama? Juu ya mkono wa dalali kuna nafasi ya jina la jarida?

Dawati_la_Picha:
Ya kulala. Mkono unagusa ukingo wa juu kabisa.

Fundi_Mashine:
Basi jaladani haikai, jina litamkata vidole. Iweke ndani, kurasa mbili zinazotazamana, ila dalali asikae katikati, mkunjo utameza uso wake. Jaladani jaribu D. Mwambie aliyeipiga aangalie kama ana nyingine ya kusimama.

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari:
Fundi kanishinda kwa haki. Na A ipeni ukurasa wa kufungulia habari, ndiyo picha pana pekee mliyo nayo. Mwenyewe ataacha kununa.