Runinga zimejigeuza Mkemia Mkuu: kila jioni "mtoto wa nani?"

Wakuu, nimechoka, na leo sipambi maneno.

Jana kabla ya taarifa ya habari, watoto wamesharudi shule wako sebuleni, kituo kimoja cha runinga (jina nahifadhi, wengi mnakijua) kikaweka picha mbili kwenye skrini. Kushoto mtoto wa msanii, kulia mwanaume ambaye eti ndiye baba "halisi". Watangazaji watatu wakaanza kulinganisha pua, masikio, paji la uso. Mmoja akazungushia midomo ya mtoto duara jekundu. Kisha namba ya WhatsApp ikapita chini: mtazamaji, tupigie kura, mtoto kafanana na nani? Mtoto mwenyewe hata chekechea hajaanza.

Kura! Juu ya nasaba ya mtoto wa watu!

Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu (DNA) tangu 2009. Ukitaka kujua baba wa mtoto hujiendei tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anakopimwa vinasaba, ukasema nipimieni huyu. Unapitia mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili, maana walioitunga walijua jibu lake linaweza kuvunja nyumba. Utaratibu wote huo jana ulifutwa na kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya studio, akisema "hata kipofu anaona".

Na wala hawajaanza jana. Septemba 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz alikiri redioni kwamba mtoto wa mwanamitindo Hamisa Mobetto ni wake. Kabla ya hapo kichanga kile kilikuwa kimeshajadiliwa kuliko bajeti ya serikali. Suala la matunzo likafika Mahakama ya Watoto Kisutu, ambako mambo ya watoto husikilizwa faragha. Kamera zikasubiri nje. Februari 14, 2018 Zari, mpenzi wake aliyezaa naye, akatangaza Instagram kwamba kaachana na Diamond, ubuyu ukauzwa wiki na wiki. Hao ni watu wazima, tuwaache. Ila lililonichefua kuliko yote ni la Januari 2021, mama yake Diamond aliposema kwenye Wasafi FM, redio ya mwanawe mwenyewe, kwamba Mzee Abdul, aliyejulikana siku zote kuwa baba yake Diamond, siye baba mzazi. Yule mzee miaka yote walikuwa wanamfuata na maikrofoni kumuuliza kama mtoto anamsaidia. Baada ya hapo wakamrudia, safari hii kumuuliza anajisikiaje. Mzee wa watu umwambie mbele ya taifa kwamba uliyemwita mwanao si wako, halafu umuulize anajisikiaje? Hivi hawa wana wazazi?

Najua mtakuja na lile la kiki, yaani kutafuta umaarufu. "Wasanii wenyewe ndio wanajianika, wimbo ukikaribia kutoka utasikia wameachana." Wapo, sibishi. Diamond ana redio na runinga yake, na 2022 yeye na Zari walionekana Netflix kwenye kipindi cha maisha ya mastaa wa Afrika. Waliingia kwa miguu yao na mkataba walisaini. Mtoto kasaini wapi?

Tena zamani gazeti la udaku lilikuwa linafungiwa maandazi kesho yake, habari imeisha. Sasa hivi kipande cha jana kiko YouTube na kichwa cha habari cha herufi kubwa, TAZAMA HADI MWISHO. Huyo mtoto akifika darasa la nne kuna mwenzake atamfungulia kwenye simu, pamoja na maoni ya watu wanaomtukana mama yake.

Mwanasheria wa kituo huwa anafanya kazi gani? Katiba ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake. Haikuandikwa "isipokuwa mama akiwa staa". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za watoto na za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti. Nyeti! Wao wanazipigia kura saa ya chakula.

Halafu angalieni mapumziko ya matangazo: kampuni ya kubeti, sabuni ya unga, na (hii ndiyo iliniua) maziwa ya watoto.

Kituo nimeshawaandikia, maana ndiko malalamiko yanakoanzia kabla ya kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wakikaa kimya napanda juu. Mwenye uzoefu na Kamati ya Maudhui ya TCRA atupie hapa utaratibu, barua inapelekwaje na ushahidi wa video wanaupokea vipi. Na anayefanya kazi kwa hao wadhamini, hasa wa maziwa, aje PM. Wale wa "kama hutaki badilisha chaneli" piteni kimya, huyo mtoto chaneli yake mtambadilishia nyie?