Mjadala: Katika Black Hawk Down, nani hasa ni shujaa?

Mtoa mada:
Wakuu, kila tukibishana kuhusu filamu za vita hakosi mtu wa kuitaja Black Hawk Down ya Ridley Scott (2001), ile ya askari wa Marekani waliozingirwa Mogadishu, Somalia, kuwa ndiyo somo la ushujaa. Mimi nakubali nusu tu.

Nusu hiyo ni Gary Gordon na Randy Shughart. Tarehe 3 Oktoba 1993, helikopta ya pili ya Marekani ilipoangushwa Mogadishu, askari hao wawili wadunguzi waliomba washushwe wakamlinde rubani Michael Durant. Walikataliwa, wakaomba tena. Msaada haukuwa karibu na walijua. Wote wawili waliuawa. Durant alitekwa, akaachiwa baada ya siku 11. Huo ni ushujaa hata kama Marekani huipendi.

Nusu ya pili inanikera. Filamu inatueleza mapema kwamba Juni waliuawa Wapakistani 24 wa Umoja wa Mataifa. Kweli. Ila 12 Julai imerukwa, siku helikopta za Marekani zilipoipiga kwa makombora nyumba walimokutana wazee wa Habr Gidr, ukoo wa Aidid, mbabe wa vita aliyekuwa akisakwa na Wamarekani. Watu wenye hasira wakawaua waandishi wanne waliofika kupiga picha, wakiwamo Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia. Ukiifuta Julai, Msomali wa Oktoba anabaki kichaa tu mwenye bunduki. Wamarekani 18 waliokufa kwenye mapigano yale wana majina na wake nyumbani. Wasomali ni mamia, na wanaanguka kama nzi. (Hata hiyo Mogadishu ya kwenye filamu ilipigwa picha Moroko.)

Kuna askari mle anasema risasi zikianza siasa inaisha, unampigania mwenzako wa kando. Maneno matamu, lakini yanamfaa zaidi aliyekutuma. Mnasemaje?

Mchangiaji 1:
Mkuu, askari hachagui vita. Kaka yangu ni mwanajeshi, na Kenya iliingia Somalia tangu Oktoba 2011. Yuko chini ya risasi, unataka akae kupima nani alianza? Filamu ni ya wale waliokuwa mle ndani, si kikao cha bunge.

Mchangiaji 2:
Na waliowatoa Wamarekani waliozingirwa je? Msafara wa usiku ule ulikuwa na magari ya deraya ya Wamalaysia na vifaru vya Wapakistani. Mmalaysia mmoja alikufa. Kwenye filamu wanapita kama madereva wa kukodi.

Mtoa mada:
Mchangiaji 2, hilo nimelisahau na linaongeza uzito.

Mchangiaji 1, kaka yako namheshimu, sina neno naye. Nina neno na wanaomtuma. Baada ya Al-Shabaab kuivamia kambi ya jeshi letu la Kenya huko El Adde, Somalia, Januari 2016, tuliambiwa sana kuhusu mashujaa wetu, lakini serikali haikutangaza idadi rasmi ya waliokufa. Kama ni mashujaa kweli, kwa nini wafichwe? Nijibu hapo kwanza, ya Ridley Scott tutayarudia.