Kipanya kimoja, kompyuta mbili: kielekezi kinagoma kuvuka kutoka Linux

MhaririSauti:
Wakuu, naomba msaada wenu. Nina desktopu ya Ubuntu 24.04 na laptopu ya Windows, zimepakana mezani. Siku zote natumia Barrier, programu ya kutumia kipanya kimoja kwenye kompyuta mbili: kipanya na kibodi nimechomeka kwenye desktopu, nikisogeza kielekezi hadi ukingo wa kulia kinatokea kwenye laptopu. Wiki iliyopita nimeweka Ubuntu upya, na tangu hapo kikifika ukingoni kinakwama. Laptopu yenyewe inaonyesha imeunganishwa. Kinachonishangaza, mara mojamoja nikiwa kwenye dirisha la programu moja ya zamani, kinavuka! Halafu nikihamisha mafaili kwenda diski ya nje, kielekezi kinarukaruka hapohapo kwenye Linux. Nimebadilisha betri ya kipanya, wapi. Nahariri sauti kutwa nzima kwenye mashine zote mbili, na kuhamahama kati ya vipanya viwili kumeanza kuniumiza kifundo cha mkono.

Koleo:
Anza na Scroll Lock. Kwenye Barrier kitufe hicho kinakifungia kielekezi kwenye skrini moja, na ni rahisi kukigusa bila kujua. Pia hakikisha fayawoli haijaziba poti 24800, ambayo Barrier huitumia kuwasiliana.

MhaririSauti:
Asante mkuu. Scroll Lock nimebonyeza, hakuna kilichobadilika. Poti nayo iko wazi.

FundiWaUsiku:
Kama laptopu imeunganika, achana na mtandao kabisa. Tatizo liko kwenye desktopu. Fungua terminali uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE`, utuambie imejibu nini.

MhaririSauti:
Imejibu `wayland`.

FundiWaUsiku:
Basi ndiyo hiyo. Wayland na X11 ni mifumo miwili ya Linux ya kuonyesha madirisha kwenye skrini. Barrier ilitengenezwa kwa ajili ya X11, ule wa zamani, ambako programu yoyote inaweza kujua kipanya kiko wapi, hata kikiwa juu ya dirisha lisilo lake. Wayland imeufunga mlango huo makusudi, na mimi naona wamefanya vyema, maana programu iliyoweza kufuata kipanya chako popote iliweza pia kusoma unachoandika, nywila zikiwemo. Programu za X11 bado zinaendeshwa humo kupitia XWayland, ila zinakiona kielekezi kikiwa juu ya madirisha ya X11 tu. Hilo dirisha lako la zamani bila shaka ni la X11, ndiyo maana hapo kinapenya.

Kwa leo, toka kwenye akaunti, kwenye skrini ya kuingilia chagua jina lako, bonyeza alama ya gia chini kulia, uchague "Ubuntu on Xorg", yaani sesheni ya X11. Ila usihamie huko moja kwa moja: Ubuntu 25.10 imeshaiondoa sesheni hiyo ya GNOME, mazingira ya eneokazi ya Ubuntu. Barrier nayo haiendelezwi tena. Jaribu Deskflow, programu ya kazi hiyohiyo, ambayo ndiyo msingi wa nyingine iitwayo Synergy. Kwenye Wayland inataka GNOME 46 au Plasma 6.1 (mazingira mengine ya eneokazi) kwenda juu, na wewe GNOME 46 unayo. Ichukue Flathub, ghala la programu za Linux mtandaoni, ili ije na maktaba zake, kisha iweke na kwenye laptopu. Itakuomba ruhusa ya kushika kipanya. Ikubali, bila hiyo utakwama ukingoni palepale.

Zawadi_M:
Kaka, na huko kurukaruka, kipanya ni cha Bluetooth?

MhaririSauti:
Hapana dada, kina kipokezi cha USB. Nimekichomeka nyuma, kimekaa jirani na diski.

Zawadi_M:
Hapo ndipo penye shida. USB 3 ikiwa inapitisha data hutoa kelele za redio kwenye 2.4 GHz, masafa yaleyale ya kipokezi chako. Intel walilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 2012. Tafuta kebo ya kurefushia USB, ukilete kipokezi mezani mbali na diski. Kununua kipanya kingine cha kipokezi kama hicho hakutakusaidia, nacho kitarukaruka vilevile.

MhaririSauti:
Nimerudi na majibu. Kwenye Xorg Barrier ilivuka mara moja. Kebo nimepata, nikahamisha mafaili kwa nusu saa nzima na kielekezi hakikuruka hata mara moja. Dada Zawadi, Mungu akubariki. Jana usiku nikarudi Wayland na Deskflow, inavuka kwenda na kurudi. Bado inaomba ruhusa upya kila nikiiwasha. Mwenye dawa ya hilo aniambie, ila kazi inaendelea na kipanya cha pili nimekiweka kabatini.